Nani alimlea Omala? Mashabiki wa K'Ogalo na hesabu ya makocha

KATITO ni soko la njia panda. Barabara itokayo Ahero kuelekea Sondu na Kisii huachana hapo na ile ya Kendu Bay na Homa Bay, na kila gari linaloshusha abiria hushusha pia habari za Kisumu na Nairobi. Kwa wakazi wa Nyakach walio mashabiki wa Gor Mahia, na si rahisi kumpata asiyekuwa, habari hizo kwa miaka kadhaa zimekuwa zikimrudia kijana mmoja: Benson Omala, mshambulizi aliyetoka kwenye madawati ya Shule ya Upili ya Kisumu Day na kuingia moja kwa moja katika vinywa vya watu.

Hoja si kama ana kipaji. Hiyo ilifungwa msimu wa 2022-23 alipotikisa nyavu mara 26 katika ligi kuu. Kinachowagawa mashabiki ni malezi: nani aliyemkuza, nani aliyemchelewesha, na kama amefika alikopaswa kufika kwa umri wake. Ni mjadala ambao ukiusikiliza kwa nusu saa utadhani unahusu mtu mmoja, lakini ukikaa zaidi utagundua kuwa kila msemaji anamzungumzia mtoto wa jirani yake, au wake mwenyewe.

Wapo wazee walioiona Gor Mahia ya miaka ya 1970 na 1980. Hao hushikilia kwamba mfungaji huzaliwa, hafinyangwi. Mfano wao ni Maurice Ochieng, maarufu kama Sonyi, aliyefunga mabao 26 mwaka wa 1976, mwaka ambao K'Ogalo ilinyakua ubingwa bila kushindwa hata mechi moja. Sonyi, wasema wazee hao, hakupimwa mbio kwa mashine wala hakuonyeshwa picha za video, na bado rekodi yake ilidumu miaka 47.

Vijana huwajibu kwa jazba. Kwao kila bao ambalo Omala alikosa lina jina la kocha nyuma yake. Huyu alimpanga pembeni ilhali mahali pake ni katikati, yule alimtoa dakika ya 60 alipokuwa ameanza kupata moto. Kati ya kambi hizo mbili hukaa walimu na wazazi, watu wa sauti ya chini, ambao swali lao halihusu mabao hata kidogo: je, mwanafunzi anayechezea ligi kuu anasoma saa ngapi?

Kila kambi ina chembe ya ukweli. Hata hivyo, kuna hesabu moja ambayo haitajwi sana katika ubishi huu, na pengine ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ni hesabu ya makocha.

Omala alikuwa bado mwanafunzi alipoichezea Western Stima katika ligi kuu, na Gor Mahia ikamsajili mwaka wa 2020. Hicho ndicho kipindi ambacho benchi la K'Ogalo lilikuwa halikaliki. Steven Polack, Mwingereza aliyekuwa ameiongoza klabu kutawazwa mabingwa wa msimu wa 2019-20 uliokatizwa na janga la korona, aliondoka Oktoba 2020. Akaja Mbrazil Roberto Oliveira, ambaye vyeti vyake havikutosheleza masharti ya Shirikisho la Soka Afrika, CAF, kwa hivyo hakuweza kuketi benchini katika mashindano ya bara. Mwanzoni mwa 2021 akapokewa na Mreno Carlos Manuel Vaz Pinto. Baada yake Mwingereza Mark Harrison. Baada ya Harrison, Mjerumani Andreas Spier. Ilipofika Agosti 2022 na Jonathan McKinstry wa Ireland Kaskazini kutua Nairobi, alikuwa kocha mkuu wa sita kuhusishwa na kiti hicho katika muda usiozidi miaka miwili, na hapo hawajahesabiwa waliokaimu.

Mwanafunzi akibadilishiwa mwalimu wa hisabati mara tano kabla ya mtihani, mzazi atakwenda shuleni kuuliza. Mshambulizi chipukizi akibadilishiwa kocha mara tano, mashabiki humuuliza yeye kwa nini hafungi.

Athari ya jambo hili haionekani kwa macho ya anayetazama mechi ya Jumapili pekee. Mshambulizi wa kati hufanya kazi kwa mazoea. Hujifunza kuanza mbio kabla mpira haujapigwa, kwa kuwa amekwisha kujua kiungo wake atainua kichwa lini na winga wake hupenda kupiga krosi kwa mguu upi. Ujuzi huo haupatikani kwa hotuba. Hupatikana kwa kurudia mwendo mmoja mara mia, wiki baada ya wiki, chini ya jicho moja linalosahihisha kosa lile lile. Kocha mmoja humtaka mshambulizi ashuke kusaidia viungo, mwingine humwamuru asivuke mstari wa katikati, wa tatu anataka awasumbue mabeki tangu wanapopokea mpira. Mkongwe wa miaka 28 hulichagua lile linalomfaa na kulipuuza jingine. Kijana wa miaka 19 hutii yote, kisha huonekana amechanganyikiwa.

Tazama sasa kilichotokea benchi lilipotulia. McKinstry alikaa misimu miwili kamili. Katika ule wa kwanza Omala alifikisha mabao 26, akaifikia rekodi ya Sonyi, ingawa kiatu cha dhahabu kilimwendea Elvis Rupia wa Kenya Police aliyefunga 27 na kuivunja. Katika ule wa pili, 2023-24, Omala akawa mfungaji bora kwa mabao 19. Mabao 45 kwa misimu miwili, na misimu yote miwili Gor Mahia ikavishwa taji, la pili likiwa la 21 katika historia yake. Mchezaji alikuwa yule yule, viwanja vile vile. Kilichobadilika ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu asajiliwe, alianza msimu wa pili akiwa na kocha aliyemjua.

Anayetaka kuitumia hesabu hiyo kumpaka McKinstry mafuta, hata hivyo, sharti aeleze kwa nini mabao yalipungua kutoka 26 hadi 19 chini ya kocha huyo huyo. Jibu la kawaida ni kwamba mabeki walikuwa wamemsoma, na huenda ni kweli. Sharti pia aeleze habari ya Rupia, aliyemzidi Omala bila kuwa na McKinstry. Lakini Rupia alifika Police akiwa mtu mzima kisoka, amezunguka klabu na kujua anachokitaka. Utulivu wa benchi una manufaa zaidi kwa anayekua kuliko kwa aliyekwisha kukomaa, na Omala alikuwa anakua.

Kisa cha Uswidi nacho huamsha hasira. Mwaka wa 2021, kabla hajapata nafasi ya kudumu Gor Mahia, Omala alipelekwa kwa mkopo Linköping City, klabu ya madaraja ya chini nchini humo. Wapo wanaoamini safari ile ilimfungua macho, wapo wanaoamini ilimpotezea wakati. Wanaoitetea hukimbilia jina la Michael Olunga, kwani naye alipitia Uswidi. Ni ulinganisho unaopendeza masikio, lakini haukai vizuri ukipimwa.

Olunga hakwenda Uswidi kujaribiwa. Alisoma Upper Hill jijini Nairobi, akapitia Tusker, akapelekwa Thika United kwa mkopo, kisha akajiunga na Gor Mahia mwaka wa 2015 akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka huo chini ya Mskoti Frank Nuttall alifunga mabao 19 ya ligi na K'Ogalo ikamaliza msimu bila kushindwa, jambo lililowafanya wazee wa 1976 watabasamu. Alipohamia Djurgården mwaka wa 2016 alikuwa na msimu mzima wa ubingwa mgongoni, na alitua katika ligi kuu ya Uswidi, si katika madaraja ya chini. Wakati wote huo alikuwa mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Yaliyofuata yanajulikana: mabao matatu katika mechi moja ya ligi kuu ya Uhispania akiwa na Girona dhidi ya Las Palmas Januari 2018, kisha mabao 28 akiwa na Kashiwa Reysol mwaka wa 2020 na tuzo ya mchezaji bora wa ligi kuu ya Japani.

Walimu wa kambi ya sauti ya chini hulipenda sana jina la Olunga, na wana haki. Ndiye ushahidi kwamba kitabu na gozi vinaweza kukaa katika begi moja. Wanachosahau ni kwamba Olunga alifika katika ligi kuu akiwa amemaliza shule ya upili. Omala aliingia akiwa bado ndani yake. Chuo kikuu humruhusu mtu kupanga saa zake. Kidato cha nne hakiruhusu.

Na hapa ndipo mjadala wa Katito unapogusa kidonda chenyewe, yaani soka ya shule. Katika kalenda ya michezo ya shule za upili, kandanda ni mchezo wa muhula wa pili. Timu huundwa, hupambana katika kanda, kaunti ndogo, kaunti na jimbo, na zile chache zinazobaki huenda fainali za kitaifa ambako mechi huchezwa karibu kila siku hadi bingwa apatikane. Bingwa huendelea hadi mashindano ya Afrika Mashariki. Shule iliyotolewa mapema imemaliza mwaka wake wa ushindani kwa wiki chache tu. Anayeifunza timu mara nyingi ni mwalimu wa somo jingine, mwenye vipindi vyake na mitihani ya kusahihisha, anayeifanya kazi hiyo kwa mapenzi. Ukimlaumu mtu wa aina hiyo kwa kutofundisha jinsi ya kupiga mpira kwa mguu wa kushoto, umemwonea.

Mfumo huo wa mtoano una madhara mengine. Unamlipa anayeshinda leo. Mvulana mwenye mwili mkubwa na mbio humshinda mwenye akili ya mchezo, kwa sababu kocha hana muda wa kumngoja wa pili akue. Ndiyo maana malalamiko ya wachezaji waliopita umri hurudi kila mwaka kama mvua za masika. Tena, shule zenye majina hunyakua vipaji kutoka shule ndogo kwa ahadi ya karo. Kwa familia ya mkulima wa mpunga wa Ahero au mvuvi wa ufuo wa Nyakach, ahadi hiyo si kitu kidogo. Mtoto husoma kwa miguu yake. Goti likiteguka katika kidato cha pili, hakuna mkataba unaosema karo itaendelea kulipwa. Anayeingia katika hatari hiyo ana umri wa miaka 15, na hana wakili.

Mashabiki wa pwani hii ya ziwa wana mfano mwingine ambao hupenda kuutoa kama fahari, ilhali ukitazamwa vizuri ni shtaka. Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Mandela mwaka wa 1987, ikitoka sare ya 2-2 na Espérance jijini Tunis na 1-1 jijini Nairobi na kushinda kwa mabao ya ugenini, nahodha wake alikuwa Austin Oduor. Nduguye Oduor, Mike Okoth, alikwenda kucheza Ubelgiji. Mwanawe Okoth, Divock Origi, alizaliwa huko Ostend mwaka wa 1995, akalelewa katika shule ya soka ya klabu ya Genk tangu utotoni hadi alipohamia Lille mwaka wa 2010. Mei 2019 akaifungia Liverpool mabao mawili dhidi ya Barcelona katika usiku ambao Katito haikulala, kisha akafunga jingine katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya.

Ni familia moja. Kama kipaji huzaliwa tu, wanavyoshikilia wazee, basi damu ile ile ingetosha popote. Tofauti ya Origi na binamu zake wa rika lake waliobaki upande huu wa ziwa ni takriban miaka tisa ya mazoezi yaliyopangwa, kila wiki, kila mwezi, bila kungoja muhula wa pili. Hakuna shule ya upili Nyanza inayoweza kutoa hilo, na si haki kuitaka itoe.

Marekani ilichagua njia tofauti, ambayo kwa Wakenya inajulikana zaidi kupitia wanariadha wanaopewa ufadhili wa masomo huko. Timu za vyuo vikuu ndizo shamba la miche la michezo ya kulipwa. Katika mpira wao wa miguu, ule unaoshikwa kwa mikono, mchezaji mkuu huitwa kwotabeki: ndiye anayepokea mpira, kusoma ngome ya wapinzani kwa sekunde chache na kuamua pasi iende wapi. Vyuo vikubwa humwajiri kocha maalumu kwa ajili ya nafasi hiyo moja tu. Hata hivyo mashabiki wao hubishana vile vile, kwa maneno ambayo mtu wa Katito angeyaelewa bila mkalimani: kijana amedumaa, kocha hamwelewi, angehamia chuo kingine. Tangu 2018 kuhama huko kumerahisishwa kwa sajili maalumu, na tangu 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao katika matangazo. Wenye fedha nao hawajapata dawa ya papara. Tofauti ni kwamba kule kijana anayetaka kocha atakayemkuza ana wengi wa kuchagua.

Kwa nini basi Gor Mahia haimpi kocha muda? Shabiki atasema uongozi hauna subira. Jibu la ndani zaidi ni pesa. SportPesa, mdhamini mkuu, ilijiondoa mwaka wa 2019 ilipogombana na serikali kuhusu leseni, na pengo hilo halikuzibwa upesi. Klabu ilijikuta ikiandamwa na madai ya wachezaji na makocha wa zamani, na FIFA ikaifungia kusajili kwa sababu ya madeni hayo. Soka yenyewe ya Kenya ilisimamishwa na FIFA kuanzia Februari hadi Novemba 2022 baada ya serikali kuingilia usimamizi wa shirikisho. Katika mazingira kama hayo kocha wa kigeni huja na begi dogo. Mashabiki wanaodai afukuzwe baada ya sare mbili nao huchangia moto huo, na wangefaa kukumbuka kwamba kila anayefukuzwa huacha deni ambalo hatimaye hulipwa kwa kiingilio chao.

Omala mwenyewe aliondoka mwaka wa 2024 kwenda Al-Safa ya Lebanon, safari iliyovurugwa na vita vilivyoikumba nchi hiyo miezi michache baadaye. Hapo bahati mbaya haina kocha wa kulaumiwa, ingawa wapo waliojaribu. McKinstry naye aliondoka mwaka huo huo kwenda kuifunza timu ya taifa ya Gambia. Kufikia Julai 2025 kiti chake kilikuwa kimepitiwa na Mbrazil Leonardo Neiva na Mkroatia Sinisa Mihic kabla ya kumfikia Mghana Charles Akonnor, na ubingwa wa 2024-25 ulikwenda kwa Kenya Police.

Wakati huo huo elimu inabadilika. Mtaala mpya unaipa shule ya upili ya juu mikondo mitatu, na mmoja wapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Darasa la kwanza la Gredi ya 10 lilipangiwa kuanza Januari 2026. Kwenye karatasi ni hatua ambayo kambi ya walimu imeiomba kwa muda mrefu, kwani mwanafunzi atasoma mchezo kama somo mwaka mzima. Utekelezaji wake utategemea mambo ya kawaida: uwanja usiogeuka kidimbwi mvua inaponyesha katika nyanda za Nyando, mipira ya kutosha, na mwalimu aliyesomea ukocha asiyehamishwa kila baada ya muhula.

Mtoto wa Nyakach aliyezaliwa mwaka wa 2015, Olunga alipokuwa akiifungia Gor Mahia, atafika Gredi ya 10 mwanzoni mwa muongo ujao. Wazazi wake watatakiwa kumchagulia shule na mkondo. Uwanja mkubwa ulio karibu naye ni ule wa Mamboleo mjini Kisumu, uliofunguliwa kwa sherehe za Madaraka za 2021, mwendo wa kupanda magari mawili kutoka sokoni Katito. Hadi atakapofika huko, atacheza muhula wa pili, mwalimu akipata nafasi.